Karani kwa Mama Mkwe

Athanas Mageni alimwoa Limi Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1957. Kitabu cha ndoa cha parokia kina sahihi yake na alama ya dole gumba la bibi harusi. Mama wa bibi harusi hakuingia kanisani. Alisimama nje, upande wa sakristia, akasikiliza misa kupitia dirishani, kwa sababu kama angeingia ndani angelazimika kumtazama mkwe wake.

Hapakuwa na ugomvi. Kwa Wasukuma wa Didia wa wakati ule, mume wa binti na mama wa binti walioneana haya, na haya hiyo ilikuwa na taratibu zake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamume huacha njia na kuingia shambani mpaka mwanamke apite. Hawali pamoja na hawatajani majina. Mwanamume haingii katika uwanja wa kaya ya mama mkwe wake ila kwa ruhusa, na akiingia hukaa ameupa mlango mgongo. Likiwapo neno la lazima kati yao hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wanasikia kila kitu. Athanas alizifuata taratibu hizo bila kasoro, na kwa miaka mingi mama mkwe wake, ambaye watu wote walimwita Mama Limi, alimsifu kwa majirani.

Mwaka 1959 Athanas alikwenda Geita, akaajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu. Alifanya kazi chini ya ardhi, katika kikundi cha watoboa miamba. Kila Krismasi alirudi Didia na sukari, sabuni, doti za kanga, na mwaka mmoja baiskeli. Zawadi za Mama Limi alimpa Limi azipeleke. Walipata mtoto mmoja, msichana, wakamwita Anisia.

Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Krismasi ya mwaka ule Athanas hakurudi, wala ya mwaka uliofuata. Kwanza alichekecha mchanga wa mabaki ya mgodi pamoja na wenzake, mpaka walipofukuzwa. Kisha akapata kazi ya kupakua magunia katika duka la mfanyabiashara mmoja pale Geita, Suresh, aliyeuza chumvi, sukari na majembe. Watu wa Didia walipokuja dukani Athanas alijitia ana kazi stoo.

Huku nyumbani ndugu zake waliswaga ng'ombe wao wakahamia upande wa Geita kutafuta malisho, kama walivyofanya wengi miaka ile. Limi akabaki peke yake katika boma la wakwe lililokwisha kuhamwa. Alimchukua mtoto, akarudi kwa mama yake. Mwaka 1968 surua ilipita Didia, na Anisia alikuwa mmoja wa watoto waliokufa. Alizikwa kwa bibi yake.

Athanas alirudi mwaka 1970, akafikia kwa baba yake mdogo na kuanza kulima pamba. Hakuwa na la kuonyesha ila koti. Alipomaliza mavuno ya kwanza alimtuma mshenga kwa Mama Limi kumwombea mke wake arudi. Ujumbe ulikuwa mfupi: amekosa, anaomba radhi, na habari za msiba wa mtoto hazikumfikia huko alikokuwa. Mama Limi alimsikiliza mshenga, akampa maziwa, akamsindikiza mpaka kwenye uzio wa minyaa bila kumpa jibu. Mwaka uliofuata mshenga alikwenda tena na maneno yale yale. Alipewa maziwa tena. Jibu la hapana lingemwezesha Athanas kuondoka. Kwa kuwa halikutolewa, alibaki Didia akingoja.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Julai 1972, alipofika Anar Fazal.

Anar alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Baba yake aliuza vitambaa Shinyanga mjini, na Kisukuma chake kilikuwa cha kaunta: kuhesabu, kusalimia na kukataa kupunguza bei. Alikuwa anatafiti jambo ambalo viongozi wengi walilizungumzia na wachache walilijua: wanaume wa vijijini wanaokwenda migodini na mijini, kwa nini wanaondoka, kwa nini wengine hawarudi, na nani analima wakati hawapo. Aliandaa fomu ya maswali. Kwa kuwa aligundua mapema kwamba wake wengi wa wahamaji hurudi kwa wazazi wao, aliweka swali la waume wa mabinti pia.

Alihitaji mtu wa kuuliza maswali hayo Didia kwa Kisukuma na kuandika majibu kwa Kiswahili. Athanas alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, mwandiko wake ulikuwa mzuri, na alikuwa amewahi kuwa mgodini. Anar alimwajiri siku hiyo hiyo. Kijijini wakaanza kumwita karani, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alitembea barabarani katikati.

Kaya za kuulizwa zilichaguliwa kwa kura. Watu walikuwa na wasiwasi kwamba hesabu hii ni ya kodi, au ya ng'ombe, au ya kuwahamisha, hivyo Anar alitaka kila mtu aone. Namba za kaya ziliandikwa kwenye vipande vya karatasi, vikatiwa ndani ya kibuyu, na balozi wa nyumba kumi, Kamili, akavitoa kimoja kimoja mbele ya mkutano. Kamili alikuwa kiongozi wa kundi la ngoma, mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la mbali. Alipotoa namba ya kaya ya Mama Limi aliisoma, akamtazama Athanas, akakohoa, akaendelea.

"Kaya iliyotoka haibadilishwi," Anar alisema mwisho wa mkutano. "Tukianza kubadilisha, tutaishia kuwauliza marafiki zetu tu."

Kilichofuata hakina utetezi, na Athanas mwenyewe hakuwahi kukitafutia utetezi. Fomu ya kaya ile aliijaza mwenyewe, peke yake, ameketi shambani kwa baba yake mdogo. Majibu ya mwanzo aliyajua vizuri: watu wa kaya, ekari, ng'ombe. Alipofika kwenye maswali ya mhamaji aliendelea kuandika. Mara ya mwisho kupata habari zake: mwaka 1966. Sababu ya kutorudi alipokosa kazi: alikusudia kurudi akiwa na kitu cha kuwapa watu wake. Je, watu wa kaya wangependa arudi: ndiyo.

Fomu hazikuwa na majina, namba tu. Anar alizisoma zote jioni ile, ameketi juu ya boneti ya Landrova, na hii akaitenga.

"Ndugu Athanas, hii uliulizia wapi?"

"Pale kwenye kaya, Bi Anar."

"Fomu zako nyingine zina alama za vidole na mavumbi. Kuna majibu umeyafuta ukayaandika upya, kuna maneno ya Kisukuma pembeni. Hii ni safi kama daftari la mtoto wa shule ya masista."

Anar akashusha kidole mpaka kwenye majibu ya mhamaji.

"Na hapa. 'Alikusudia kurudi akiwa na kitu.' Huyu ni mama mzee anamsema mume wa binti yake. Atajuaje alikusudia nini? Watu hunijibu 'sijui', hunijibu 'muulize mwenyewe'. Huyu amekujibu kama wakili wake."

Alimpa fomu mpya. "Rudi ukamwulize. Kama kuna sababu ya kutokwenda, niambie sasa."

Sababu ilikuwapo, na ingeeleweka. Mtu yeyote wa Shinyanga, hata binti wa mwenye duka la vitambaa, anajua neno mkwe lina uzito gani. Lakini kusema kwamba ile ni kaya ya mama mkwe wake kungekuwa kusema pia kwamba yule mhamaji aliyeandikiwa maneno mazuri ni yeye. Athanas aliipokea fomu.

"Hakuna," alisema.

Alikwenda siku ya pili, saa nne, pamoja na balozi Kamili. Ulikuwa msimu wa michembe. Katika kila uwanja viazi vilivyokatwa vilikuwa vimeanikwa juani juu ya miamba na mikeka. Limi alikuwa uwanjani, ameketi kwenye kigoda, anakata viazi na kuviangushia kwenye ungo. Alimwona Athanas akiingia kwenye mlango wa uzio, akaendelea kukata. Mama Limi alikuwa ndani.

"Mwadila, mayu!" Kamili alimsalimia mama mwenye kaya, ameelekea mlangoni.

"Mwadila, baba," Mama Limi aliitikia.

"Karani amekuja na maswali ya serikali."

"Ya chuo," Athanas akasahihisha kwa sauti ndogo.

"Ya chuo. Ni yale yale, hata chai hatupati."

"Karani gani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Kamili alimtazama Athanas kuanzia viatu mpaka kofia. "Karani tu, mayu. Wa kawaida. Ana miguu miwili."

Ndani kigoda kilisogezwa. Kisha: "Mwambie akae upande wa kihenge. Huko kwingine jua litamwunguza."

Kamili akasogeza kigoda mpaka kwenye kivuli cha kihenge cha mtama. Athanas aliketi ameupa mgongo mlango wa nyumba, akaweka fomu juu ya goti. Katika kaya ya jirani wanawake wawili walikuwa wanatwanga. Baada ya swali la pili michi ilinyamaza.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu wa mkwe. Athanas aliuliza kwa sauti ambayo mama mkwe aliisikia bila shida. Kamili akageuka akalirudia swali kuelekea mlangoni. Mama Limi akajibu kwa sauti ambayo Athanas aliisikia bila shida. Kamili akageuka akalirudia jibu. Watu wa kaya, ekari, ng'ombe. Vyote vilikuwa sawa na alivyoviandika mara ya kwanza.

"Mayu, kuna mtu wa kaya hii, au mume wa binti wa kaya hii, aliyewahi kwenda mbali kutafuta kazi?"

"Yupo mmoja. Aliyemwoa binti yangu."

"Alikwenda wapi?"

"Kwani karani hajui?"

Upande wa jirani mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Mayu, karani anaandika unachosema wewe, si anachojua yeye," Kamili alisema. "Ndivyo bibi wa chuo alivyoagiza."

"Basi aandike Geita."

"Alipokuwa kazini alileta nini nyumbani?"

Mama Limi alitaja sukari. Alitaja sabuni, kanga, baiskeli ambayo mpaka leo inabeba pamba ya kaya. "Na blanketi. Lile blanketi najifunika mpaka sasa. Aandike na hilo, watu wasije wakasema mimi sina shukrani."

Athanas aliandika blanketi. Katika fomu yake ya kwanza alikuwa amelisahau.

"Kabla hajarudi, mara ya mwisho mlipata habari zake lini?"

Kisu cha Limi kilisimama.

"Mwaka wa surua," Mama Limi alisema.

Kamili aligeuka kulirudisha jibu, lakini sauti ya ndani iliendelea, ikampita.

"Tulimpa habari dereva wa lori la pamba, mtu wa Tinde. Alimkuta huko Geita, dukani kwa Mhindi, ana gunia la chumvi mgongoni. Akamwambia mwanao amekufa, tumemzika. Akalitua gunia. Dereva akamwambia panda tuondoke, narudi leo hii. Akakataa. Akasema, waambie hukunikuta."

Limi akaanza tena kukata viazi.

"Dereva alikuja hapa na neno hilo alilotumwa. Tukampa chakula. Alikula tonge mbili, akanawa, akatuambia yote."

Kamili alitoa kofia yake, akaitazama ndani, akairudisha kichwani. "Mayu, na hilo aandike?"

"Si ndilo alilouliza?"

Tangu arudi Athanas aliamini kwamba dereva yule alitunza siri. Kwa imani hiyo alimtuma mshenga mara mbili. Sasa alijua kwamba mara zote mbili mshenga, mzee wa watu, alikuwa amebebeshwa uongo mbele ya mwanamke aliyeujua ukweli tangu zamani, akanyweshwa maziwa, akarudishwa kwa heshima. Shingo yake, walivyosimulia baadaye wanawake wa jirani, ilikuwa imeinama kama ya mtu anayenyolewa. Aliandika: *1968. Alipewa habari za msiba na dereva. Alisema waambiwe hakuonekana.* Mkono ulitoa jasho, wino ukatawanyika.

"Swali lingine," Kamili alisema kwa upole.

"Alipokosa kazi, kwa nini hakurudi?"

"Nitajuaje mimi? Muulizeni karani."

"Mayu, utaratibu—"

"Kamili, wewe umekuja kupeleka maneno. Peleka."

Kamili akamgeukia Athanas. Sauti yake ya ngoma haikuwapo tena. "Anauliza kwa nini hukurudi."

Athanas hakuinua macho kutoka kwenye fomu. "Mwambie niliona aibu."

"Anasema aliona aibu, mayu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuja msibani mikono mitupu," Athanas alisema. "Sikuwa na sanda. Sikuwa hata na nauli ya kurudia."

Kamili alilirudia lote, mpaka nauli.

"Mwambie sisi nasi hatukuwa na sanda," Mama Limi alisema. "Duka lilikuwa limefungwa. Tulimzika katika ile kanga ya Krismasi."

Limi alisimama, akachukua ungo, akaenda kuvimwaga viazi juu ya mkeka. Alivitandaza polepole kwa kiganja, kipande kimoja kimoja, ingawa havikuwa vimelaliana.

Lilibaki swali moja. Kamili, ambaye aliwahi kulisikia katika kaya nyingine, alilijua. Aliinama karibu na Athanas. "Karani, hili turuke. Bibi wa chuo hatalikosa."

"Halirukwi."

"Utajiumiza bure."

"Uliza, balozi."

Kamili alisimama wima. "Mayu, chuo kinauliza. Watu wa kaya hii wangependa huyo aliyeondoka arudi?"

Mmoja wa wanawake wa jirani alisogea mpaka kwenye minyaa.

"Mshenga amekuja mara mbili," Mama Limi alisema hatimaye. "Mara zote akasema habari hazikufika. Ningemjibu nini? Ningesema ndiyo, ningempa binti yangu mtu anayenidanganya juu ya mtoto aliyekufa mikononi mwangu. Ningesema hapana, ningekuwa nimemfukuza mkwe ambaye kabla ya hapo hakunikosea. Nikanyamaza. Leo ameyaandika mwenyewe. Mimi nimemaliza. Limi yuko hapo, si mtoto, ana mdomo wake. Muulizeni."

Kamili hakuhitaji kuuliza. Limi alikuwa bado amepiga magoti kwenye mkeka.

"Siendi," alisema.

"Mama Anisia," Kamili alianza, "labda tuandike kwamba bado unafikiri—"

"Balozi, usinipambie. Sitaki mtu atumwe hapa tena, mama yangu amechoka kukamua maziwa ya washenga. Aandike siendi."

Hakumtazama Athanas wala hakukwepa kumtazama. Aliendelea kutandaza viazi. Athanas aliandika *hapana*, akaweka nukta, akafunga kalamu. Wangeweza kuondoka wakati huo, na Kamili alikwisha kushika kigoda.

"Kamili," sauti ikaita kutoka ndani.

"Ndiyo, mayu."

"Mwambie karani kaburi liko nyuma ya zizi. Mimi nafunga mlango. Apite."

Miaka miwili mizima Athanas alikuwa ameishi mwendo mfupi kutoka kwenye kaburi la mwanawe bila kuliona, kwa sababu lilikuwa ndani ya uzio wa mama mkwe na hakuwa na uso wa kuomba njia. Walisikia mlango wa mbao ukisukumwa, kisha komeo. Kamili alibaki kwenye kihenge. Athanas alivuka uwanja, akapita kando ya mkeka wa viazi bila kukanyaga kivuli cha Limi, akazunguka zizi.

Kaburi lilikuwa dogo. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri, na majani yalikuwa yamefyekwa siku si nyingi. Hapakuwa na kazi yoyote iliyobaki ya kufanya pale. Alivua kofia, akasimama. Alitafuta walau jani la kung'oa, akalipata moja kati ya mawe, akaling'oa, akabaki nalo mkononi. Aliporudi uwanjani Limi alikuwa ameingia ndani, na mlango ulikuwa bado umefungwa.

Njiani Kamili alijaribu kumsemesha habari za pamba, akaacha.

Kesho yake asubuhi Athanas alimpelekea Anar fomu mbili, ile safi na ile iliyotawanyika wino, akamwambia mhamaji wa kaya ile ni nani. Anar alizisoma zote mbili amesimama. Alimwuliza ni kaya ngapi nyingine alizijaza shambani. Athanas akajibu hakuna. Anar akasema anataka kumwamini, lakini hawezi kuandika kitabu kwa kutaka.

Wiki iliyofuata walizunguka pamoja katika kaya zote ambazo Athanas alikwisha kuziandika, na katika kila kaya Anar aliuliza, Athanas akiwa amesimama pale pale, kama kweli karani huyu alifika kuuliza.